La Mgambo Likilia: Neno Lililoita Watu, Leo Linawatawanya

Pale soko la Kilombero mjini Arusha, au Mbuyuni kule Moshi, neno moja linatosha kugeuza mtaa mzima kufumba na kufumbua. Mtu wa kwanza akishatamka "Mgambo!", yaani askari wa mji wanakuja, waliotandaza nyanya chini wanakusanya ncha nne za turubai, mwenye mitumba begani anapenya katikati ya daladala, mama wa ndizi anajitwika beseni na kuingia uchochoro alioukagua tangu asubuhi kwa ajili ya saa hiyo. Hakuna anayeuliza kuna nini. Wakati huohuo, katika shule iliyo hatua chache kutoka hapo, watoto wanakaririshwa methali: la mgambo likilia, kuna jambo. Mwalimu anawaeleza kwamba ukisikia unaitwa, ujue lipo la kusikiliza, uende.

Neno ni lilelile. Darasani linaita, sokoni linafukuza. Wapo watakaosema lugha ndivyo ilivyo, maneno huhama, na hakuna haja ya kulilia neno. Kwamba maneno huhama, nakubali. Ninachokataa ni kudhani kuwa hili limehama lenyewe. Limehama kwa sababu kazi yenyewe ya kuitana imehama: imetoka kwa watu wanaoitana, imekwenda kwa watu wanaoagizwa kukamata. Viongozi wa mitaa wanaolalamika kwamba wananchi hawaji mikutanoni wangepata sehemu kubwa ya jibu lao katika historia ya neno hili.

Tuanze na methali, maana imebeba ushahidi ambao masikio yetu yameacha kuusikia. "La mgambo likilia." Hilo "la" ni la nini? Mgambo kwa maana yake ya zamani ni neno la ngeli moja na mti na mkutano: mgambo umepigwa, migambo imepigwa. Kama mgambo wenyewe ndio uliao, tungesema mgambo ukilia. Methali inasema la, likilia. Kuna jina lililodondoka mwanzoni, na jina hilo ni la ngeli ya jambo na mambo. Mimi nasoma humo baragumu: baragumu la mgambo likilia, kuna jambo. Upo pia mtindo mwingine wa methali hiyohiyo ambao haukudondosha kitu: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Hapo inayolia ni mbiu, na upatanisho unaifuata. Mtindo mmoja umetaja chombo, mwingine umekificha ndani ya silabi moja, lakini yote miwili inatuambia kitu kimoja kuhusu mgambo. Haukuwa chombo kinacholia, wala mtu anayekipiga. Mgambo ulikuwa tangazo lenyewe, habari iliyotolewa hadharani ili imfikie kila mtu.

Mbiu nayo tumeipoteza umbo. Siku hizi kupiga mbiu ni kutangaza tu, kwa njia yoyote ile, na kiongozi aliyeketi ofisini anasemekana amepiga mbiu kwa sababu ametoa taarifa kwa waandishi wa habari. Mbiu ilikuwa pembe, hasa pembe ya nyati, na katika miji ya pwani iligongwa kwa kijiti. Mpiga mbiu alipita njia kwa njia, pembe ikilia, watu wakitoka vibarazani, na walipokwisha kutega sikio alisema alichotumwa kusema: chombo kimeingia, fulani amefariki, shauri fulani limekatwa hivi. Sauti ilitangulia na jambo likafuata palepale, kwa kinywa cha mtu yuleyule. Hapo ndipo uzito wa methali ulipo. Tumezoea kuifundisha kama onyo kwa msikilizaji, asipuuze. Kwangu mimi inambana zaidi mpigaji. Akishaigonga pembe ana deni, na deni hilo hulipwa kwa kusema.

Na mzizi wa neno unaelekea upande huohuo. Kiswahili cha zamani kina kitenzi amba, yaani sema, ambacho leo kinaishi zaidi katika mtoto wake, ambia. Kiganda na Kihaya vinasema gamba kwa maana hiyohiyo ya kusema, na Kiganda kikitaja neno moja husema ekigambo. Nauona undugu wa wazi kati ya gamba hiyo na mgambo wetu. Ukiupokea undugu huo, mgambo ni usemi: kilichosemwa mbele za watu. Hakuna rungu ndani yake, wala pingu, wala gari la kubebea bidhaa zilizonyang'anywa.

Majirani zetu wa Kenya wamelitunza neno vizuri kuliko sisi katika upande mmoja. Mjini Nairobi, askari wa kaunti anayewakimbiza wachuuzi anaitwa kanjo, jina lililotokana na Kiingereza cha baraza la jiji, kwa hiyo methali yao haikugongana na mtu wa barabarani. Lakini wao na sisi tunasikiliza redio zilezile, na katika matangazo ya Kiswahili ya kimataifa mwanamgambo ni mpiganaji asiye wa jeshi la serikali: wanamgambo wa Al-Shabaab, wanamgambo wa mashariki ya Kongo. Mtoto anayejifunza Kiswahili kwa redio leo atafika kwenye methali akiwa tayari amejazwa bunduki kichwani.

Tanzania ilifikaje hapa? Ilianza na sababu nzito, na ni haki kuzieleza. Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea. Januari 25, 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote hapo jirani Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake wa 1971, miaka minne tu baada ya Azimio lililoupa mji wa Arusha jina duniani. Mwongozo ulisema ulinzi wa taifa huru hauwezi kuachiwa wanajeshi peke yao, kwamba wananchi wenyewe wafunzwe kulinda nchi yao. Ndipo jeshi la mgambo likapata nafasi kubwa katika maisha yetu.

Jina hilo lilichaguliwa na watu waliokijua Kiswahili chao. Jeshi la mgambo ni jeshi la mwito. Ni wakulima, makarani, walimu na makuli ambao kila siku wako kwenye shughuli zao, na mbiu ikilia wanakusanyika. Kilichowafanya kuwa jeshi ni mgambo, yaani kule kuitwa kwa jambo linalojulikana. Wakati ule "la" katika jeshi la mgambo lilikuwa na kazi kubwa kama "la" katika methali. Kisha mazoea yakafanya kazi yake. Jeshi la mgambo likazaa mwanamgambo, mwanamgambo akafupishwa kuwa mgambo, ngeli ikageuka bila mtu kutangaza: kutoka mgambo umelia mpaka mgambo amekuja, mgambo wamekuja. Mwito ukatoka ndani ya neno, akabaki mtu aliyevaa sare.

Kabla haujatoka, ulilia mara moja kwa nguvu ambayo wazee wetu hawataisahau. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya Kagera hadi mtoni. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, na watu wengi wanakumbuka mambo matatu aliyoyataja: uwezo, sababu na nia. Ukiichambua hotuba ile kama mgambo wa zamani, haina upungufu. Pembe imelia, na jambo limetajwa palepale: nani ametuvamia, wapi, tutafanya nini, kwa nini ni haki yetu kufanya hivyo. Vijana wa mgambo waliingia vitani pamoja na askari wa JWTZ, wakitoka mikoa mbalimbali, na Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, kati ya Machi 24 na 26, mji wa Moshi uliwapokea Waganda wa vyama na makundi yaliyokuwa uhamishoni, walioitwa kuja kupatana juu ya nani ataishika nchi yao Amin akiondoka. Yusuf Lule alichaguliwa hapo. Mkutano ule ulikuwa na mivutano mingi na matunda yake hayakudumu, kwa kuwa Lule aliondolewa Juni mwaka huohuo, lakini waliokuja walijua wameitiwa nini.

Upande wa pili wa hadithi ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya vita. Mwaka 1975 Bunge lilitunga sheria iliyowapa wanamgambo mamlaka ya kukamata. Sheria hiyo ilikuwa na mantiki yake, maana vijiji vingi viko mbali na kituo cha polisi na mwizi wa ng'ombe hasubiri. Lakini hapo ndipo mgambo alipopata kazi ya kila siku isiyohitaji mbiu yoyote. Aliyekuwa anaitwa pamoja na wenzake sasa alikuwa na uwezo wa kumshika mwenzake. Miaka ilipopita, miji na majiji yakawachukua vijana waliopitia mafunzo hayo, wakawakabidhi sheria ndogo: za usafi, za maegesho, za biashara kando ya barabara. Kijana aliyefunzwa kumkabili mvamizi wa mpaka akapewa mama lishe wa kumkabili.

Sina neno baya juu ya kijana huyo. Mara nyingi naye ni mtoto wa nyumba ya chumba kimoja huko Unga Limited au Njoro, amemaliza mafunzo, ajira ya kudumu hajaiona, na anayemkimbiza sokoni anaweza kuwa shangazi yake. Amewekwa mahali pabaya na watu wasiofika sokoni. Kinachonikera ni kwamba Mwongozo uleule uliolikuza jeshi la mgambo uliweka pia, katika ibara yake ya 15, mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno na kuonea watu. Na katika ibara ya 28 ulikwenda mbali zaidi: tendo linalowapa watu nguvu zaidi ya kuamua mambo yao ni la maendeleo hata kama halijawaongezea mkate, na linalowapunguzia nguvu hiyo si maendeleo hata kama limewaongezea. Tulichukua askari kutoka kwenye waraka ule, ibara hizo mbili tukaziacha kabatini.

Sasa niwapeleke mlimani, kwa sababu huko mwito wa kweli haujafa, na Moshi hawana haja ya kusafiri kuutafuta. Kando ya Kilimanjaro, kutoka Rombo mpaka Machame na Siha, Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayoyachukua maji ya vijito karibu na msitu na kuyateremsha kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine ikizunguka ubavu wa korongo, mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Wageni wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliishangaa. Mfongo hautunzwi na mtu mmoja. Mvua kubwa ikishusha udongo, au ukingo ukibomoka usiku, maji yanakatika kwa wote walio chini. Kwa hiyo kuna mzee wa mfongo, mara nyingi wa ukoo wa yule aliyeuchimba kwanza, na kuna siku za kwenda kuzibua.

Tazameni mwito wa mfongo unavyofanya kazi. Jambo linajulikana, maana kila mmoja ameona maji yamepungua shambani kwake. Mahali panajulikana, ni pale palipobomoka. Kazi ina mwisho, maji yakipita watu wanarudi nyumbani, na mara nyingi mbege, pombe ya ndizi, haikosekani. Faida ni ya yule aliyeitika, na asiyeitika bila sababu anatozwa au anapoteza zamu yake ya maji, kwa kanuni ambayo yeye mwenyewe anaijua na jirani zake ndio wanaoisimamia. Mwenye kuita naye anachota maji kwenye mfongo uleule. Ukiukosa mkutano ule, hakuna mwenye rungu atakayekuja mlangoni. Atakuja jirani kukuuliza ulikuwa wapi, na swali la jirani ni zito.

Mkoa huohuo una neno msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza njia, shule, zahanati au mfereji, na Wapare wa Same na Mwanga wanalitumia mpaka leo. Lakini msaragambo una historia mbili. Palipokuwa na jambo la watu wote, watu walikwenda wakiimba. Enzi za ukoloni, pale machifu walipoutumia kuwapeleka watu kwenye kazi wasizozichagua, mwito uleule uliitwa kwa uchungu, na wengine waliukimbia. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, miaka zaidi ya 60 imepita, na bado wazee wanaweza kukutenganishia: huu ulikuwa wetu, ule ulikuwa wa mangi, yaani wa chifu. Majembe yalikuwa yaleyale, na jasho lilelile. Waliotofautiana ni walioulizwa na wasioulizwa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema ari ya kujitolea imekufa, vijana wa leo wabinafsi, simu zimeharibu watu. Nendeni kwenye msiba wowote pale Kaloleni au Sanawari mjini Arusha, au Majengo ya Moshi. Ndani ya saa chache viti vimefika, turubai limefungwa, kuni zipo, daftari la michango limefunguliwa, kina mama wamegawana zamu za jikoni na kina baba wameketi kupanga safari ya kwenda kuzika. Wapo waliolala saa tatu tu na waliofunga duka. Bodaboda wenye kipato cha siku kwa siku wanapanga msafara. Hakuna mtendaji aliyetia saini popote. Wameitwa kwa kifo, na kifo hakihitaji kuelezewa. Watu wale wale, wiki ileile, wameitwa kwenye mkutano wa mtaa na wamekwenda wachache.

Kwa nini? Hapo tunarudi kwenye "kuna jambo" la methali. Tangazo la kawaida la mkutano, lile linalobandikwa kwenye nguzo ya umeme au kupigiwa kipaza sauti kutoka kwenye gari linalopita kwa kasi, lina siku, saa, mahali, na maneno "bila kukosa". Jambo halimo, au limefichwa ndani ya "ajenda mbalimbali". Atakayefika atakuta uamuzi umekwisha kufanywa ngazi ya juu na yeye ameitwa kupewa taarifa, au kuchangia, au kupigwa picha akiwa amenyoosha mkono. Akirudi mara mbili bila kuamua chochote, mara ya tatu atabaki dukani kwake, na mimi sitamwita mbinafsi. Amesikia pembe ikilia na amejifunza kwamba haina jambo.

Hili linatokea katika nchi ambayo sheria yake inasema vingine kabisa. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa ndiyo mamlaka ya juu ya kijiji katika mambo ya sera. Mwenyekiti yuko chini yake. Halmashauri ya kijiji iko chini yake. Ukiyasoma maneno hayo na kisha ukasimama nyuma ya mkutano wenyewe, ukaona nani amekaa kivulini kwenye meza yenye maji ya chupa na nani amesimama juani, utaona umbali uliopo kati ya karatasi na uwanja.

Kuna sababu nyingine ya kutaka jambo litajwe, na Arusha ina haki ya kuizungumza kuliko miji mingi. Kuanzia miaka ya 1990 mpaka mwisho wa mwaka 2015, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC katikati ya mji wetu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliwahukumu watu kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Vijana waliofanya mauaji hayo, redio zetu ziliwaita wanamgambo wa Interahamwe. Interahamwe kwa Kinyarwanda ni jina la umoja, watu wasimamao pamoja, waendao pamoja. Na mwito walioitiwa ulikuwa umevikwa nguo ya heshima: waliambiwa waende kufanya kazi. Kazi ilikuwa kuua majirani. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani wakuu wa vyombo vya habari vya Rwanda, wakiwemo waanzilishi wa redio RTLM, kwa matangazo na maandishi yaliyochochea mauaji. Ushahidi huo ulisikilizwa hapa, umbali mfupi kutoka Mnara wa Saa, wakati sisi tukipita nje kwenda zetu sokoni.

Sitaki kufananisha mkutano wa mtaa na msiba ule wa Rwanda. Hakuna wa kuvipima pamoja. Ninachosema ni kwamba neno la kuwaita watu ni nguvu, na nguvu hiyo haina wema wake yenyewe. Kinachoupa mwito wema ni kutaja jambo kwa jina lake halisi, mchana, mbele ya watu wanaoweza kujibu: hapana, hilo hatulifanyi. Mpiga mbiu wa pwani alilazimika kusema alichotumwa, na mzee wa mfongo anaonyesha pale palipobomoka. Mwito unaosema "njooni, mtaambiwa huko" unawazoesha watu kutii kabla hawajaelewa, na watu waliozoeshwa hivyo anaweza kuwaita yeyote.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, anayekagua leseni na usafi sokoni aitwe kwa kazi yake: askari wa jiji kwa Arusha, askari wa manispaa kwa Moshi. Liandikwe hivyo mgongoni mwa sare yake, na maofisa wenyewe waache kusema "tutawaletea mgambo" kana kwamba ni jina la adhabu. Najua mazoea ya midomo ya watu hayaondolewi kwa waraka, na wachuuzi watapiga ukelele wa "mgambo" kwa miaka mingi ijayo. Lakini ofisi ya umma ina wajibu wa kutumia maneno yake vizuri hata kama mtaa hautafuata. Walimu nao wanaweza kusaidia. Anayefundisha methali ile darasani aanze na pembe, aonyeshe "la" imetoka wapi, awaulize watoto: aliyepiga mbiu alidaiwa nini na waliotoka nje kumsikiliza? Somo hilo litakaa kichwani kuliko kukaririshwa.

Na mikutano ya wafanyabiashara wadogo ipigiwe mbiu kabla mipango haijachorwa. Tangu 2018 wamachinga wameitwa mara nyingi. Walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000, na kuanzia mwishoni mwa 2021 wakaambiwa wahamie maeneo maalumu. Kila mara mengi yalisemwa kuhusu utaratibu. Mwenye meza ya viatu angeweza kusema mapema kwamba eneo lisilopitwa na daladala halina wateja, kama angeulizwa ramani ikiwa bado ya penseli. Anaujua mpito wa watu wa Stendi ndogo kuliko mhandisi yeyote, anajua saa ngapi wanafunzi wanapita na saa ngapi wanapita wenye mshahara. Elimu hiyo haipo ofisini, na hakuna askari anayeweza kuileta ofisini kwa kuwakimbiza walio nayo.

Karatasi ya nguzo ya umeme ndipo ningeanzia. Mtendaji wa mtaa afute "bila kukosa" na "ajenda mbalimbali". Mahali pake aandike kwa herufi kubwa: mtaro wa barabara ya juu umeziba, fedha zilizopo ni kiasi hiki, hazitoshi pande zote mbili, tunataka muamue tuanze upande upi na nani atasimamia matumizi. Chini yake aweke jina lake, tarehe ya mkutano, na tarehe ambayo atarudi uwanjani hapohapo kusoma hesabu.